Sheikh mwenye bunduki: Marekani ilivyomkosea hesabu Muqtada al-Sadr

Swali la msomaji: "Nimesoma kwamba Aprili 2004 majenerali wa Marekani walitangaza kuwa watamkamata au kumuua Muqtada al-Sadr kule Iraq. Hawakumkamata, hawakumuua, na miaka minne baadaye walikuwa wanapigana tena na watu wake Baghdad. Jeshi lililoingia nchi ya watu likikutana na sheikh mwenye wafuasi na bunduki, lifanye nini? Limkamate, limuue, lizungumze naye, au limwache?"

Ndugu yangu, kila njia katika hizo nne ilijaribiwa Iraq kati ya 2003 na 2008, tena mara nyingine mbili kwa wiki moja. Maoni yangu ni haya: jeshi la kigeni lisimguse sheikh mwenyewe, lakini lisimwachie mtaa. Lichukue kazi anazowafanyia watu, lizibe njia za bunduki zake pale zinapotoka nje, na hukumu juu yake liwaachie wenye nchi, hasa wale ambao yeye mwenyewe hathubutu kuwavunjia heshima.

Tumjue kwanza mtu. Wasomaji wa Ithnaasheri (Mashia wa Maimamu kumi na wawili) walioko Dar es Salaam, Mombasa na Unguja hawahitaji kuelezwa maana ya marjaa: ni mwanachuoni aliyefikia daraja la ijtihadi, yaani kutoa hukumu za dini kwa elimu yake mwenyewe, ambaye waumini humfuata katika hukumu hizo na kumpelekea khumsi, sehemu ya tano ya mapato yao. Wengi wa hapa kwetu marjaa wao ni Ayatollah Ali al-Sistani wa Najaf. Muqtada hakuwa katika daraja hilo wala karibu nalo. Saddam alipoanguka Aprili 2003 alikuwa kijana wa takriban miaka 30, masomo yake ya hawza (chuo cha dini cha Kishia) hayajakamilika, na ili kauli yake iwe na uzito wa kidini ilimbidi aegemee uwakilishi wa Ayatollah Kazim al-Haeri, aliyekuwa akiishi Qom nchini Iran. Alichorithi ni jina. Baba yake, Ayatollah Muhammad Sadiq al-Sadr, alipigwa risasi Najaf Februari 1999 pamoja na wanawe wawili. Jamaa yao Muhammad Baqir al-Sadr aliuawa na serikali ya Saddam mwaka 1980. Kwa Mashia maskini jina hilo lilikuwa limelipiwa kwa damu.

Alirithi pia mtandao. Baba yake alikuwa amewatawanya maimamu vijana katika misikiti ya mitaa ya watu wa chini, na Baghdad ilipoanguka maimamu hao hawakusubiri amri. Walilinda hospitali, walikusanya mali iliyoporwa, waligawa chakula, waliongoza magari barabarani. Mtaa mkubwa wa kaskazini mashariki mwa Baghdad, uliojengwa enzi za Abd al-Karim Qasim kwa ajili ya wahamiaji kutoka mashamba ya kusini, wenye watu wapatao milioni 2, uliacha kuitwa Mji wa Saddam ukaitwa Mji wa Sadr. Askari wa kigeni walipofika walikuta nafasi imeshashikwa.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na naiweka mbele kwa makusudi kwa sababu makamanda wengi huiona kama karatasi tu. Kanuni za Hague za 1907, kifungu cha 43, zinalitaka jeshi linaloikalia nchi lirudishe utulivu na maisha ya kawaida ya raia. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 unalibebesha jukumu la chakula, dawa na afya ya umma. Azimio namba 1483 la Baraza la Usalama, Mei 2003, liliitambua Marekani na Uingereza kuwa ndizo zenye wajibu huo Iraq. Usipotimiza wajibu huo mtu mwingine ataufanya, na shukrani zitakwenda kwake. Siku hizohizo, tarehe 23 Mei, Paul Bremer aliyeongoza utawala wa muda alilivunja jeshi la Iraq. Mamia ya maelfu ya wanaume waliojua kutumia silaha walirudi nyumbani bila mshahara. Julai alipoteua Baraza la Utawala la watu 25, kundi la Sadr halikupewa kiti, na siku chache baadaye Muqtada akatangaza kuunda Jeshi la Mahdi.

Ndani ya jina hilo moja kulikuwa na watu wasiofanana kabisa. Wapo waliokuja msikitini kwa ajili ya sala na mgao wa unga. Wapo vijana wasio na kazi waliobeba bunduki kwa sababu kijana mwenye bunduki ana heshima mtaani. Wapo masheikh wa ngazi ya kati wenye tamaa zao. Na wapo wachache, wauaji hasa, ambao baadaye walifundishwa na kupewa mabomu ya kutoboa chuma kutoka Iran. Afisa anayewaita wote "adui" amewaunganisha kwa kazi yake mwenyewe. Kabla ya risasi ya kwanza anatakiwa awe na orodha ya mtaa kwa mtaa: nani anauza mitungi ya gesi, nani anamiliki jenereta, imamu wa msikiti upi analipwa na nani, kijana yupi alikuwa fundi kabla ya vita.

Kuna tukio la Agosti 13, 2003 ambalo vitabu hulipita haraka. Helikopta ya Marekani ilishuka karibu na mnara wa mawasiliano katika Mji wa Sadr, na upepo wa mapanga yake ukaiangusha bendera ya kidini iliyokuwa imefungwa juu. Watu walimiminika barabarani, mawe yakarushwa, risasi zikapigwa, na Mwiraki mmoja akafa. Kamanda wa eneo aliandika barua ya kuomba radhi na kuahidi kupunguza helikopta juu ya mtaa. Hakikuzuka kitu kingine kikubwa mtaani humo siku zile. Ukiangalia kwa makini, barua hiyo ilikuwa na mambo manne: ilitoka upesi, ilitoka kwa mtu mwenye mamlaka ya eneo lile, ilitaja kosa lenyewe, na ilibadilisha jambo ambalo watu wangeliona kwa macho yao, yaani anga juu ya nyumba zao. Radhi isiyobadilisha kitu hugeuka tusi.

Sasa linganisha na majira ya kuchipua ya 2004. Machi 2, siku ya Ashura, Mashia wanapomwombolezea Imam Hussein, mabomu yaliua watu zaidi ya mia moja Karbala na Kadhimiya, na wengi wakasema mkaliaji ameshindwa hata kuwalinda mahujaji. Machi 28 utawala wa Bremer ulilifunga kwa siku 60 gazeti la Muqtada, al-Hawza, kwa kosa la uchochezi. Mojawapo ya makala zilizowakera ilisema Bremer anafuata nyayo za Saddam. Gazeti lenyewe lilikuwa dogo, na wengi wa wafuasi wa Sadr walipata habari zao katika khutba ya Ijumaa, kwa hiyo kulifunga hakukuziba chochote. Kulimpa khatibu mada. Machi 31 Wamarekani wanne, walinzi wa kampuni binafsi, waliuawa Fallujah na miili ya wawili kati yao ikatundikwa darajani, na maandalizi ya kuishambulia Fallujah yakaanza. Aprili 3, katikati ya maandalizi hayo, akakamatwa Mustafa al-Yaqubi, msaidizi wa karibu wa Muqtada, kwa kesi ya mauaji ya mwanachuoni wa Kishia Sayyid Abdul Majid al-Khoei aliyeuawa Najaf Aprili 10, 2003.

Aprili 4 moto uliwaka. Katika Mji wa Sadr askari 8 wa Marekani waliuawa na zaidi ya 50 wakajeruhiwa kwa usiku mmoja, wakati kikosi cha divisheni moja kilikuwa ndiyo kwanza kinapokea eneo kutoka kwa divisheni nyingine. Najaf, Kufa na Kut zilichukuliwa na wanamgambo au kuachwa, na Karbala ikapigwa mitaani. Vikosi vya kimataifa vya kusini, vilivyokuja vikidhani vinalinda ujenzi mpya, vilikuwa na masharti kutoka makwao kuhusu kupigana. Waukraine waliondoka Kut. Polisi wapya wa Iraq waliviacha vituo. Divisheni ya Kwanza ya Vifaru, iliyokwisha kuanza kusafirisha mizigo kwenda Kuwait, ilirudishwa na kuongezewa takriban miezi 3.

Siku iliyofuata ndipo ilipotangazwa hadharani hati ya kumkamata Muqtada mwenyewe kwa mauaji ya al-Khoei. Hati hiyo ilikuwa imetolewa na hakimu Mwiraki tangu Agosti 2003. Ilikaa imefungwa karibu miezi 8. Hili, kwa maoni yangu, ndilo kosa lililoharibu mengine yote. Familia ya al-Khoei ilistahili haki, na Wairaki wengi wa Najaf walichukizwa na mauaji yale yaliyofanyika karibu na haram, yaani kaburi takatifu, ya Imam Ali. Kama kesi ingefunguliwa vuli ya 2003 mbele ya mahakama ya Kiiraki, wazi, mashahidi wakisikika, Muqtada akiwa bado na watu wachache wenye silaha na wanachuoni wakubwa wa Najaf wakiwa wamemkasirikia, pengine ingesimama. Ilipotangazwa siku moja baada ya mapigano, hakuna aliyeiona kuwa kesi. Aprili 12 Jenerali Ricardo Sanchez akasema kazi ya majeshi ya Marekani ni kumuua au kumkamata Muqtada al-Sadr, mara tu baada ya Arubaini, ziara ya siku ya arubaini tangu Ashura, kuijaza Karbala mahujaji kwa mamia ya maelfu. Mwisho wa mwezi picha za mateso ya wafungwa wa Abu Ghraib zikaenea dunia nzima, na hapo hata Mwiraki aliyemchukia Muqtada hakuweza kusema akabidhiwe Wamarekani.

Kwa hiyo unaniuliza, angeuawa je? Chukua hesabu ya baba yake. Saddam alimuua pamoja na wanawe wawili, akabaki kijana ambaye hakuna aliyemtia maanani, na kijana huyo akakusanya jeshi kwa jina la wafu. Muqtada akiuawa kwa kombora la Marekani, yale makundi yasiyofanana niliyoyataja yangekuwa kitu kimoja kwa mwaka mzima au zaidi, na uongozi ungeshikwa na wale wenye damu mikononi kwa kuwa ndio waliokuwa na silaha na pesa. Yeye, pamoja na ubaya wote uliofanywa kwa jina lake, alikuwa mtu anayeweza kuwaambia watu wake waweke silaha chini nao wakamsikiliza. Mtu wa namna hiyo ni wa thamani hata kama humpendi.

Najaf ya Agosti 2004 inaonyesha thamani ya kumwachia kazi anayestahili. Mapigano yalianza Agosti 5 kati ya Jeshi la Mahdi na wanamaji wa Marekani waliokuwa wamefika karibuni, na yakaingia Wadi al-Salaam, mojawapo ya makaburi makubwa kuliko yote duniani. Ni uwanja mbaya sana wa vita: makaburi yamebanana, mengine yana vijumba vya matofali na vyumba vya chini ya ardhi, kifaru hakipiti bila kuvunja, na kila kaburi lililovunjwa ni la baba wa mtu, pengine wa Basra, pengine wa Karachi. Wapiganaji walirudi nyuma mpaka ndani ya haram. Jeshi liliweza kuwafuata. Kama lingeingia, kuba la dhahabu lingepasuka mbele ya kamera na Ushia wote ungesimama. Sistani alikuwa London kwa matibabu ya moyo. Alirudi, akafika Basra, na Agosti 26 msafara wake ukaingia Najaf na umati nyuma yake. Masharti yake yalikuwa mafupi: Najaf na Kufa ziwe miji isiyo na silaha, majeshi ya kigeni yatoke, polisi wa Iraq washike ulinzi, walioharibiwa walipwe, na nchi iandaliwe kwa uchaguzi. Wanamgambo walitoka wamechanganyika na waumini, na funguo za haram zikakabidhiwa kwa watu wa Sistani.

Jeshi lilifanya jambo moja sahihi pale: liliwazingira wapiganaji hadi wakachoka, halafu likasimama nje. Shinikizo bila njia ya kutokea lingeleta mauaji ndani ya haram, na njia ya kutokea bila shinikizo ingewarudisha mtaani siku ya pili. Kasoro ya mapatano ni kwamba wengi waliondoka na uhai wao na ujuzi wao, na ndani ya wiki chache Mji wa Sadr ulikuwa unapiga tena. Lakini Sistani alikuwa ameonekana kuwa juu ya Muqtada mbele ya dunia, jambo ambalo hakuna divisheni ingeweza kulifanya. Yeye huyu Sistani alikataa katakata kukutana na Bremer ana kwa ana, na Juni 2003 alikuwa ametoa fatwa kwamba katiba iandikwe na waliochaguliwa na Wairaki. Mkaliaji mwenye busara angeipokea fatwa ile siku ileile, kwa kuwa uchaguzi ndio ambao ungempunguzia nguvu kila mwenye bunduki.

Kuhusu huduma, fundisho bora lilitoka kwa Meja Jenerali Peter Chiarelli na Divisheni ya Kwanza ya Wapanda Farasi, Baghdad 2004. Waliweka ramani ya mashambulizi juu ya ramani ya maji taka, umeme, maji safi na takataka, wakakuta pale huduma zilipokuwa mbovu zaidi na ajira hakuna ndipo mashambulizi yalipotokea zaidi. Katika Mji wa Sadr maji taka yalisimama barabarani mbele ya milango, watoto wakiyapita kwenda shule. Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha dola bilioni 18.4 za ujenzi tangu Novemba 2003, lakini hadi katikati ya 2004 zilizotumika hazikufika asilimia 5, kwa sababu zilipangiwa mitambo mikubwa na kampuni kubwa za nje. Mtambo wa umeme wa miaka mitatu haumsaidii kijana anayelipwa leo kutega bomu. Kinachomsaidia ni pauro na ujira wa siku, kuchimba mfereji wa mtaa wake mwenyewe. Fedha ndogo za mkononi walizopewa makamanda zilifanya kazi hiyo vizuri kuliko mabilioni.

Zina mitego yake. Ukimpa kandarasi mtu wa nje, wanamgambo watamtoza ushuru. Ukimpa mtu wao, umewalipa mshahara. Ukijenga bila ulinzi, bomba litalipuliwa au imamu atasema limeletwa na ofisi ya Sadr. Njia iliyofaa ilikuwa vipande vidogo, malipo kwa mita zilizochimbwa, msimamizi kutoka baraza la mtaa, na askari wakae karibu mpaka kazi iishe. Ununuzi wa silaha uliofanyika mtaani humo Oktoba 2004 nauweka chini kabisa: watu huleta bunduki mbovu, hupokea fedha, hununua nzuri.

Miaka ya 2005 na 2006 naipita haraka. Wafuasi wa Sadr waliingia bungeni na kupewa wizara, ikiwemo ya Afya, na baada ya haram ya Kishia ya Samarra kulipuliwa Februari 22, 2006 vikosi vya mauaji viliwinda Masuni hadi mahospitalini. Kumwingiza mtu serikalini bila kumtaka aachane na jeshi lake ni kumpa magari na vitambulisho vya serikali. Basra nako Waingereza walipunguza askari, wakafanya mapatano na wanamgambo, na Septemba 2007 wakaondoka katika ikulu ya mjini kwenda uwanja wa ndege. Mji ukabaki kwa wenye bunduki mpaka Machi 2008, Waziri Mkuu Nouri al-Maliki alipopeleka jeshi la Iraq.

Vita vya Basra viliamsha Mji wa Sadr, na makombora yakaanza kuanguka katika eneo la serikali katikati ya Baghdad. Makombora ya milimita 107 hayafiki mbali, kwa hiyo ili yalifikie eneo lile yalipigwa kutoka sehemu za kusini za mtaa, Thawra na Jamila. Jeshi halikuingia kufukua mtaa mzima wenye watu milioni 2. Kuanzia Aprili 15 lilianza kujenga ukuta wa zege kando ya Barabara ya al-Quds, kuzitenga sehemu hizo mbili na kwingine kote. Kila kipande kilikuwa na urefu wa karibu mita 3.7 kwenda juu. Winchi inakishusha kando ya mwenzake, vifaru vimesimama pande mbili, halafu mtu anapanda ngazi kufungua mnyororo juu ya kipande, mgongo wake ukiwa wazi kwa wadunguaji. Vipande kama 3,000 kwa mwezi mmoja. Wanamgambo walielewa maana ya ukuta ule: ungewatoa kwenye eneo la kurushia makombora na kwenye soko la Jamila walikotoza wafanyabiashara. Wakatoka kuuzuia, na kwa mara ya kwanza walilazimika kupigana mahali alipopachagua adui yao. Waliuawa kwa mamia. Raia nao walikufa, kwa makombora ya ndege na kwa risasi za pande zote, na afisa yeyote anayesifu ukuta ule bila kusema hilo hajasema kweli.

Mei 10 mapatano yalifikiwa, na Mei 20 jeshi la Iraq likaingia ndani ya mtaa bila Wamarekani mbele yake. Halikuweza kuitwa jeshi la kafiri, maana aliyelituma ni Mshia aliyetokana na uchaguzi. Muqtada, ambaye tangu Agosti 2007 alikuwa ametangaza kusimamisha shughuli za jeshi lake baada ya watu wake kulaumiwa kwa mapigano katikati ya ziara ya Karbala, aligeuza sehemu kubwa ya wafuasi kuwa jumuiya ya kijamii na kidini. Mwaka 2018 orodha yake, ikiwa pamoja na Chama cha Kikomunisti, ilipata viti 54 bungeni, na mwaka 2021 viti 73 kati ya 329.

Ukitaka kujua kama mkakati unafanya kazi katika hali ya namna hii, usihesabu maiti wala hati za kukamatwa. Mtume mtu mtaani, asiye na sare, akanunue mtungi wa gesi ya kupikia. Katika Mji wa Sadr, wakati Jeshi la Mahdi lina nguvu, gesi na petroli vilipitia mikononi mwake, na bei na foleni vilipangwa na vijana wake. Aulize mama aliye mbele yake kwenye foleni analipa kwa nani, na mwezi uliopita alilipa kwa nani.